Wimbo wa Baba Ulioko Upande B

Najua nimewatupa. Mara ya mwisho kuandika hapa ilikuwa kabla ya UE, nikaahidi kwamba bumu likitoka nawaletea stori ya safari yetu ya Isimila, na hadi leo kimya. Nisameheni bure. Semista ilinibana, madesa yalikuwa mlima, halafu nyumbani Mbeya kulikuwa na mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni baba. Leo umeme upo, mwenzangu wa chumba kaenda kufua, nina kikombe cha chai ya rangi hapa mezani. Kaeni mkao wa kula. Ni habari ya wimbo mmoja tu, lakini umenizungusha miezi mitatu.

Ngoja nianzie kwa huyo mwenzangu wa chumba. Yeye amepagawa na Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza. Tangu aione ile filamu ya 2018 hana habari na kitu kingine. Asubuhi anaamka na Queen, usiku tunapiga msuli na Queen. Anachojivunia zaidi ni kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, basi anamsema utadhani ni mjomba wake! Na albamu yenyewe ni ile Greatest Hits ya 1981. Nyimbo 17, mwanzo hadi mwisho. Eti ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza. Wanabendi walewale wanne, Mercury, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, kuanzia 1971 hadi Mercury alipofariki 1991. Ukitaka kuwajua Queen unapewa albamu moja, unasikiliza, umemaliza kazi, mengine ni ziada.

Siku moja nikamwambia, "Mwenzangu una raha." Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania. Wakati ule mie nilikuwa natafuta wimbo mmoja wa bendi iliyokuwa ikipiga dansi humuhumu Iringa, dakika chache kwa daladala kutoka hapa Mkwawa, na sikuwa nimepata hata jina la wimbo.

Mwezi wa pili mwaka huu baba alianguka asubuhi akijiandaa kwenda shule. Kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakapotea. Kuelewa anaelewa kila kitu, ukikosea chenji ya dukani anakuangalia kwa lile jicho lake lilelile. Ila neno linagoma kutoka. Anataka kusema chai, mdomo unasema shoka. Anajisikia mwenyewe kwamba silo, anajaribu tena, inakuja shoka, anakasirika, ananyamaza siku nzima. Huyu ni mwalimu wa hesabu, zaidi ya miaka 30 ya chaki. Mtu ambaye akiwa anafundisha Form Two, Form Four darasa la tatu kutoka pale wanamsikia. Mie nimesomea ualimu kwa sababu ya ile sauti, sijawahi kumwambia.

Mtaalamu wa mazoezi alimwambia mama kitu ambacho sikukiamini mwanzoni. Alisema kuimba na kuongea havikai sehemu moja kichwani, kwa hiyo mgonjwa wa namna ya baba mara nyingine anaweza kuimba maneno ambayo kuyasema hawezi. Mwimbisheni, akasema. Basi mama na jirani zetu wa kanisani wakaanza tenzi. Baba akawa anafuatisha, mstari huu anadaka maneno mawili matatu, mstari ule hamna kitu. Lakini usiku, akiwa peke yake, alikuwa anaguna wimbo wake mwenyewe ambao si wa kanisani. Mama akamrekodi kimyakimya kwa simu akanitumia. Sekunde kama 40 hivi. Tiri-ri-ti, tiri-ri-ti, taa. Anarudia. Tiri-ri-ti, tiri-ri-ti, taa. Hakuna neno hata moja.

Mama akaniuliza, "Unaujua huu, mwanangu? Maana anaurudia kila usiku, na akiniona anakatisha. Mimi miaka ile sikuwa Iringa."

Hapo nikaelewa unakotoka. Nikajisikia vibaya, wadau, acheni tu. Wimbo ulikuwa umetoka upande B.

Nyumbani kulikuwa na kaseti moja ya TDK ya dakika 90. Baba alikuwa na kaseti nyingi lakini ile ilikuwa na mahali pake, hakuna kuigusa. Aliirekodi mwenyewe kutoka redioni, Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo siku hizi ni TBC. Ukitaka kurekodi enzi hizo, kwa mujibu wake, unakaa na kidole kwenye kitufe, unaomba Mungu mtangazaji asiongee juu ya wimbo. Upande A alikuwa ameandika kwa biki, herufi za kwenye ubao zile: SIKINDE, na chini yake Neema, Hiba, Nalala kwa Tabu. Upande B: TANCUT – IRINGA. Basi, hakuandika wimbo hata mmoja. Nadhani hakuona haja, alikuwa anazijua.

Mwaka 2012 nilikuwa na miaka 9. Binamu yangu alikuwa kaja likizo, na tulitaka kuwa watangazaji. Redio kaseti tunayo, tunachokosa ni kaseti. Baba alikuwa amevunja vile vijino vya plastiki vya juu ya kaseti, ambavyo ukivunja haiwezekani kurekodi juu yake tena. Binamu alikuwa mjanja, alijua kwamba ukiziba kile kitobo kwa selotepu inakubali. Tukaziba. Tukasoma taarifa ya habari upande B mzima, pamoja na matangazo ya vifo na salamu za wagonjwa. Tulicheka mpaka tukaishiwa nguvu.

Baba aliporudi akaiweka kaseti yake, akasikia mtoto anasoma habari. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango nangoja fimbo. Hakusema kitu. Akaizima, akaitoa, akaiweka juu ya kabati, akaenda kusahihisha madaftari. Miaka yote hii tungegombana kwa mambo mengine, lile hakuligusa. Ndilo lililonisumbua.

Sasa kuhusu Tancut. Jina kamili Tancut Almasi Orchestra. Iringa kulikuwa na kiwanda cha kukata almasi, shirika la umma, na kiwanda kikawa na bendi. Ndugu zangu mliozaliwa juzi mnaweza kushangaa kiwanda cha kukata mawe kinahitaji mpiga saksafoni wa nini! Lakini ndivyo ilivyokuwa Tanzania nzima. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 na chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa JUWATA, halafu OTTU, leo ndiyo Msondo Ngoma. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Vijana wa chama walikuwa na Vijana Jazz, polisi na jeshi nao wana zao. Mwenye bendi ananunua vyombo, mwanamuziki analipwa mshahara. Akipata dau kubwa kwingine anahama, gitaa analiacha stoo.

Ndiyo maana ukitaka kuwataja wanabendi wa dansi letu huwezi kutaja wanne ukanyamaza kama Queen. Muhidini Maalim Gurumo peke yake ni somo. Alitoka NUTA iliyokuwa imeshakuwa JUWATA, mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, ndiyo Sikinde yenyewe. Mwaka 1985 akahamia Safari Sound, na baadaye akarudi Msondo alikotoka. Alifariki 2014. Cosmas Chidumule aliyeimba Neema akaja kuhamia nyimbo za injili. Fresh Jumbe alipita Sikinde, akaishia Japani. Kwa hiyo mtu akikuuliza "Sikinde ni akina nani" inabidi umuulize kwanza, Sikinde ya mwaka gani.

Tancut nao walivuna kutoka kila kona. Waimbaji waliotajwa sana ni mapacha wawili kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Kwenye gitaa kulikuwa na Kawelee Mutimwana. John Kitime, ambaye wengi wenu mnamjua kwa Kilimanjaro Band na kwa maandishi yake ya muziki wa zamani, naye alipiga gitaa Tancut. Nyimbo zilizovuma: Nimemkaribisha Nyoka, Butinini, Kashasha. Hizo ukimtajia mtu wa rika la baba, popote kati ya Iringa na Tunduma, anatikisa kichwa kabla hujamaliza.

Baba aliwaona kwa macho. Alisoma kidato cha 5 na cha 6 hapahapa Mkwawa, akamaliza 1989, enzi hizo ikiwa Mkwawa High School. Mwaka 2005 ikageuzwa chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ndiyo mie nipo. Nilipopangiwa kuja huku alicheka peke yake sebuleni kama mwehu. Baadaye ndiyo akanihadithia kwamba Jumamosi walikuwa wanatoroka bweni na wenzake wawili, wanakwenda mjini kwa miguu kwenye baridi ile ya mwezi wa sita, kiingilio hawana, wanasimama dirishani. Hakuwahi kunisimulia waimbaji walivaaje wala wasichana walichezaje. Alikuwa anasimulia dirisha tu, kwamba lilikuwa karibu na wapiga magitaa. Mie niliisikia ile habari nikaipita. Mngenisaidia kuikumbuka ningeokoa miezi mitatu, lakini mlikuwa wapi? Kwi kwi kwi!

Basi nikaanza kutafuta. Nilidhani ni kazi ya usiku mmoja, niingie mtandaoni, nipate "mkusanyiko wa Tancut", nisikilize zote, nilinganishe na mguno wa baba.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba nyimbo za zamani zetu zimekusanywa vizuri, ila zimekusanyiwa mbali. Sikinde wana CD nzuri inaitwa Sikinde, imetolewa na kampuni ya Africassette ya Detroit, Marekani. Wafaransa wa Buda Musique wana ule mfululizo wao wa Zanzibara. Namba 3, ya 2007, ni muziki wa Tanzania wa miaka ya 1960. Namba 5, ya 2009, ni dansi la Dar es Salaam la 1978 hadi 1983. Zina vijitabu ndani, picha, majina ya waimbaji, kila kitu. Nilisoma orodha za nyimbo mpaka macho yakauma. Tancut hamna. Na ukifikiri vizuri si ajabu, wale wamefuata Dar, tena wameishia 1983, na Iringa lazima upande Kitonga.

Kitu cha pili nilichojifunza ni kwamba bendi hizi hazikuwa na albamu kwa maana ile ya Queen. Walikwenda RTD wakarekodi nyimbo zao, zikapigwa redioni, na redio ilikuwa moja. Wimbo ukipendwa unaujua nchi nzima bila kuununua. Watu kama baba wakawa kila mmoja anatengeneza Greatest Hits yake nyumbani, kwa kidole chake, kwenye TDK. Mkusanyiko wa Tancut ulikuwepo. Ulikuwa Uyole, Mbeya, juu ya kabati, na mie nilikuwa nimeusomea taarifa ya habari juu yake.

Kilichoko mtandaoni ni makapi ya kaseti za watu wengine. Nashukuru wapo, nisiwalaumu, bila wao tungekuwa na sifuri. Lakini jamani! Wimbo mmoja una majina mawili. Mwingine umeandikwa Tancut kumbe ni Vijana Jazz. Kuna sauti ya mtangazaji inaingia katikati. Na nyingi zimekatwa. Nilisikiliza kila kitu nilichokipata chenye jina la Tancut, Butinini ikiwemo, nikiwa na mguno wa baba sikio la pili. Nilifuata waimbaji mstari kwa mstari. Hakuna palipofanana. Nikapita Sikinde, nikapita Maquis, nikapita Msondo, nikasema pengine baba kachanganya. Usiku mwingine nikawaza labda huo si wimbo kabisa, labda ni kichwa tu kinajizungusha chenyewe. Hilo sikumwambia mama.

Mwenzangu wa chumba ndiye aliyesema, "Si ukaulize wazee wa hapahapa? Wewe si mwanahistoria?" Kweli bwana, nasoma Historia na Kiswahili, nimefundishwa masimulizi simulizi vyanzo vyake na ubora wake, na kwenye mtihani nilipata B+, halafu nimekaa kitandani napekua simu.

Jumamosi nikashuka mjini. Nikauliza kwa mafundi redio, kwa sababu nilifikiri mtu aliyekaa na redio mbovu miaka 40 lazima kuna kitu kimemwingia masikioni. Wa kwanza alikuwa kijana, akanicheka. Wa pili akanielekeza kwa mzee mmoja upande wa Mlandege, kibanda cha mbao, mlangoni kumejaa matumbo ya redio na pasi za umeme. Nikamsalimia, "Kamwene, babu. Shikamoo." Akafurahi.

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe si Mhehe, umeisema kwa woga."

Nikamwambia natokea Mbeya, nasoma Mkwawa, nina shida ya wimbo. Nikampa simu. Akaiweka sikioni kama anapokea simu kweli. Akasikiliza mara ya kwanza. Mara ya pili akafumba macho. Mara ya tatu akaanza kucheka, cheko la tumboni lile.

"Nani huyu?"

"Baba yangu."

"Anaumwa?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akaweka bisibisi chini. Halafu akaniuliza, "Wewe umekuwa unatafuta nini kwenye huu wimbo?"

Nikasema natafuta wanapoimba hivyo.

"Hutapata. Hakuna anayeimba hivyo. Huyu haimbi, mjukuu wangu. Huyu anapiga gitaa."

Wadau, mie nilikaa chini pale kwenye kigoda bila kukaribishwa.

Mzee akaendelea. Kwa wale msiojua, wimbo wa dansi una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya hadithi, taratibu, waimbaji wanakuambia nani kaachwa na nani kasalitiwa. Halafu unafika mahali mambo yanabadilika, ngoma zinachangamka, magitaa yanaanza kukimbizana, waimbaji wanabaki na kibwagizo tu. Hiyo ndiyo chemko. Watu waliokuwa wamekaa mezani wanainuka hapo. Mzee akasema mtu aliyekuwa anakuja dansini kusikiliza maneno utamjua kwa maneno, na mtu aliyekuwa anakuja kusikiliza vyombo utamjua kwa kuguna. Akachukua kipande cha mbao, akakishika kama gitaa, akaguna sambamba na baba. Tiri-ri-ti, tiri-ri-ti, taa.

"Butinini," akasema. "Sio mwanzo, huko mbele. Na sio solo, ni lile gitaa la kati linalomjibu solo. Baba yako alikuwa anasimama upande gani?"

Nikasema, "Dirishani."

"Ahaa," akasema, kana kwamba hilo limemaliza maswali yote.

Nikafungua Butinini niliyokuwa nayo kwenye simu. Nikamwekea. Ikaenda vizuri, ikafika karibu dakika ya nne, ikakatika. Aliyeipandisha mtandaoni alikuwa ameifupisha, akabakiza maneno, akaondoa chemko. Nilikuwa nimeusikiliza wimbo wa baba labda mara ishirini, ila kile kipande anachoguna hakikuwemo.

Mzee alikuwa nayo nzima. Ilimchukua nusu saa kuipata kwenye boksi la viatu, na nusu saa nyingine kuifanya ipige, maana utepe ulikuwa umekunjamana akaunyoosha kwa penseli. Mwendo wake uko chini kidogo, sauti inayumba kama mtu ana mafua. Nikairekodi kwa simu, magari yanapita nje, mtu anauliza bei ya pasi. Ilipofika chemko, lile gitaa likatoka, likiwa dogo tu nyuma ya solo, wala usingeliona kama hujaambiwa. Nilikuwa naogopa kulia mbele ya mzee nikajifanya naangalia simu.

Nikataka kumlipa, akakataa. "Ukirudi niletee mchele wa Kyela. Na usiniletee ule wa kuchanganya, naujua kwa harufu."

UE zilipoisha nikapanda basi la asubuhi. Mafinga baridi, Makambako mahindi ya kuchoma, Chimala usingizi, Uyole nimefika. Baba alikuwa amekaa kibarazani, shuka begani, amekonda. Nikamsalimia, akanishika kichwa kwa mkono wa kushoto. Akajaribu jina langu, likatoka la dada yangu. Nikaitika hivyohivyo.

Usiku baada ya kula nikachomeka flashi kwenye sabufa. Mie mnanijua, nikiwa na wasiwasi naongea sana. Nikaanza kumhadithia baba habari zote: mzee wa Mlandege, kipande cha mbao, Detroit, Wafaransa, wimbo unaendelea kupiga na mie naongea juu yake kama mtangazaji wa RTD. Waimbaji wakamaliza yao. Ikaingia chemko. Bado naongea.

Baba akainua mkono wa kushoto.

"Kelele."

Neno zima, safi, silo shoka. Mama akatoka jikoni na mwiko. Hakuna aliyesogea. Nikafunga mdomo, na gitaa la kati likaja, na vidole vya baba vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea hewani, juu, chini, juu, kama viko kwenye shingo ya gitaa. Ule mkono unaobonyeza nyuzi ni wa kushoto, wadau. Baba hajawahi kumiliki gitaa maishani mwake. Nafikiri alijifunza kwa macho, pale dirishani, na hakuna aliyejua, hata mama.

Wimbo ukaisha na ile kelele ya magari ya Mlandege. Akasema, "Tena." Nikarudisha. Tukaurudia mpaka jirani akagonga ukuta.

Kabla ya kulala akanionyesha juu ya kabati kwa kidole. Nilijua anaonyesha nini na sikutaka kwenda. Nikaenda. Ilikuwa palepale nyuma ya begi la vyeti, vumbi kidole kizima. Nilitaka kumwambia pole kwa yale ya 2012, nilikuwa nimeyapanga kwenye basi tangu Igawa. Akaniashiria niigeuze, nisome.

Upande B, TANCUT – IRINGA ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja, kwa rula, kama anavyokata jibu lililokosewa daftarini. Chini yake, kwa zile herufi za ubaoni, kwa wino wa miaka ileile, aliandika: TAARIFA YA HABARI, na majina yetu mawili, mie na binamu, na tarehe. Na kwenye kile kitobo juu, selotepu yetu ilikuwa imebanduliwa ili mtu asirekodi tena.

Redio kaseti yenyewe imeshakufa siku nyingi. Nimekuja nayo kaseti hapa chuoni, iko ndani ya soksi kwenye begi, pamoja na kilo tano za mchele wa Kyela usiochanganywa. Kesho baada ya kipindi cha saa nne nashuka Mlandege. Mzee kasema ataniwekea fundi mwenzake aje aisikie hiyo taarifa ya habari.

Mwenzangu kamaliza kufua, nasikia ndoo. Alamsiki.